Nyavu za Ghorofa kwa Jiko la Mkaa la Kauri: Namna ya Kuchagua Zitakazokufaa

Watu wengi hununua wavu wa pili kwa ajili ya nafasi. Wavu mmoja hautoshi, walaji wameongezeka, basi wanatafuta cha kuweka juu yake. Sababu hiyo si mbaya, lakini ukiitanguliza utaishia na rundo la chuma linalokaa stoo. Mimi naamini nyavu za ghorofa huchaguliwa kwa kimo: chakula kiko umbali gani na makaa yaliyo chini yake, na umbali gani na kuba la kifuniko lililo juu yake. Ndani ya jiko la kauri, sentimita 8 za kupanda au kushuka hubadilisha kabisa namna chakula kinavyoiva. Anayechagua kwa kimo huipata na ile nafasi ya ziada humo humo.

Ninazungumzia majiko mazito yenye umbo la yai, yale yanayojulikana kama kamado, mfano Big Green Egg au Kamado Joe. Kuta zake nene hutunza joto, hewa huingia kwa tundu la chini na kutoka kwa tundu la juu. Kama lako ni la bati lenye umbo hilo hilo, maelezo ya vipimo na ya chuma yatakufaa vile vile, ila habari za joto la kuba zitapungua uzito.

Hatua ya 1: Andika unachopika, kisha kila kitu kipe kimo chake

Chukua karatasi uandike vyakula ambavyo kweli unavipika kwenye jiko hilo, si vile unavyotamani kuvipika siku moja. Mbele ya kila kimoja andika chini, kati au juu. Ili uweze kufanya hivyo, elewa kila kimo kinafanya nini.

Chini ni ndani ya chungu cha moto, yaani sehemu ya ndani yenye makaa, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye makaa. Hapo chakula hupigwa na mwako wa makaa moja kwa moja, na hewa ya moto iliyo jikoni haina kazi kubwa. Ndipo mahali pa kipande kinene cha nyama unachotaka kiungue kidogo nje na kibaki laini ndani, dakika moja au mbili kila upande. Kazi hii haihitaji uso mpana. Wavu wa nusu duara unatosha, na una faida kwamba nusu ya pili ya jiko inabaki kuwa mahali pa kuhamishia nyama mafuta yanapowaka.

Kati ni pale ambapo wavu uliokuja na jiko hukaa, chini kidogo ya mstari ambapo kifuniko hukutana na mwili wa jiko, yaani kwenye gasketi, ule ukanda unaoziba mwanya kati yao. Hapo ni pa kila kitu na hapana umahiri wa pekee. Ukiweka kikingio cha joto chini yake, yaani bamba linalozuia mwako wa makaa usipige chakula moja kwa moja, panakuwa tanuri.

Juu ni sentimita 8 hadi 12 kupita mstari wa gasketi, ndani ya kuba lenyewe. Hapa ndipo jiko la kauri linapojitofautisha na jiko la kawaida, na ndipo wanunuzi wengi wanapopapuuza. Kuba likishapata moto hurudisha joto kwenye chakula kutoka juu, na hewa ya moto hukusanyika hapo kabla haijatoka. Chukua vipande vya kuku bila kikingio. Kwenye wavu wa kati mafuta yanadondoka, makaa yanalipuka, ngozi inakuwa nyeusi huku mfupani bado kuna damu. Vipandishe vipande vile vile sentimita 10. Mafuta yanaendelea kudondoka na kutoa moshi wenye harufu nzuri, lakini ndimi za moto hazifiki, na ngozi inakauka taratibu kwa joto la kuba mpaka inakuwa ya dhahabu. Hata kugeuza geuza kunapungua.

Pitsa nayo inafuata kanuni hiyo. Chini yake ikiungua kabla jibini ya juu haijapata rangi, jiwe lako la kuokea liko chini mno. Lipandishe hadi usawa wa gasketi au juu yake kidogo, sehemu zote mbili ziive pamoja.

Sasa itazame orodha yako. Kama karibu kila kitu kimeangukia juu, huhitaji seti nzima yenye vipande vitano, unahitaji wavu mmoja mzuri wa kuinuliwa. Kama vyakula vimegawanyika katika vimo vyote vitatu, hapo seti inayorekebishika inaanza kuwa na maana.

Hatua ya 2: Pima jiko lako mwenyewe

Usinunue kwa jina la saizi. Kubwa ya kampuni hii si kubwa ya kampuni ile, na hata majiko mawili yanayotajwa kuwa ya inchi 18 yanaweza kutofautiana upana wa ukingo ambao wavu unauegemea. Jiko likiwa baridi na limesafishwa, chukua futi ya utepe upime mambo matano.

Kwanza kipenyo cha ndani cha pete ya moto, yaani ile duara ya kauri inayokaa juu ya chungu cha moto, pamoja na upana wa ukingo wake. Pili kipenyo cha ndani kwenye gasketi. Tatu kina cha kutoka gasketi hadi kwenye pete. Nne kimo cha kuba: fungua kifuniko, laza ubao ulionyooka kwenye mdomo wake, upime kutoka kwenye ubao hadi sehemu ya ndani kabisa. Tano, ambalo husahaulika, ni urefu wa sindano ya kipimajoto cha kifuniko na mahali inapotokeza. Sindano hiyo huingia ndani sentimita kadhaa. Ukiinua kuku mzima juu ya wavu wa ghorofa, unaweza kufunga kifuniko na kumchoma nayo bila kujua. Kuanzia hapo kipimajoto kinakusomea joto la nyama, wewe unadhani jiko limepoa, unafungua matundu ya hewa, na moto unapanda hadi usikotaka.

Baada ya hapo kata duara la boksi lenye kipenyo cha wavu unaoutaka, liinue kwa vikopo hadi kimo chake, kisha funga kifuniko polepole. Angalia hasa ukingo wa mbele. Kifuniko kina bawaba nyuma, hivyo hakishuki wima bali kwa mzunguko, na mdomo wake wa mbele hupita karibu sana na wavu wa juu kabla ya kutulia. Boksi likikwaruzwa, na chuma kitakwaruza, na gasketi yako italiwa kidogo kidogo.

Acha nafasi ya chuma kutanuka. Wavu wa chuma cha pua wenye kipenyo cha sentimita 46 ukipanda joto kwa 300°C huongezeka zaidi ya milimita 2, ilhali kauri hutanuka kidogo sana. Wavu au fremu inayoingia kwa kubana jiko likiwa baridi itasukuma kuta likiwa moto, na kauri haisukumwi. Milimita 5 kila upande ni kiasi cha chini ninachokikubali.

Ukiwa na vipimo, fanya hesabu ya eneo. Wavu wa sentimita 46 una kama sentimita za mraba 1,660. Ghorofa ya pili yenye kipenyo cha sentimita 38 inaongeza 1,130 hivi, yaani karibu theluthi mbili. Anayekuambia ghorofa ya pili inazidisha nafasi mara mbili hajazingatia kwamba kuba linajikunja kadiri unavyopanda.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Maumbo yapo mengi lakini yanarudi kwenye aina nne.

Aina ya kwanza ni wavu wenye miguu yake, unaosimama juu ya wavu wa kawaida. Ni rahisi na hauna cha kuharibika. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kufikia chakula cha chini lazima uutoe wote, ukiwa na chakula juu yake na moto chini. Kwa vitu vyepesi unafaa. Kwa vipande vitatu vya nyama nzito, sikushauri.

Aina ya pili ni fremu ya kikapu inayotumbukizwa ndani ya pete, yenye ngazi au meno ya kupachika nyavu, kikingio na sinia katika vimo mbalimbali. Hii ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayepika vitu vya aina nyingi, kwa sababu unaweza kuipanga upya kila mara, na fremu nzima hutoka kwa mkupuo mmoja ukitaka kuongeza mkaa. Hakikisha vimo vyake vinalingana na vile ulivyoandika katika hatua ya kwanza. Fremu yenye ngazi tatu zilizopishana sentimita 3 tu haina ngazi tatu za kweli, kwani joto halibadiliki vya kutosha.

Aina ya tatu ni nyavu za nusu duara. Unaweza kuweka nusu moja chini kwa makaa ya wazi na nusu nyingine juu ya kikingio cha nusu, ukapata majiko mawili ndani ya jiko moja. Kamado Joe wamejenga mfumo wao mzima juu ya wazo hili. Kama jiko lako ni dogo, chini ya sentimita 40, nusu duara zitakusaidia kuliko ghorofa kamili, kwa sababu kwenye kuba dogo ghorofa ya juu hubaki na upana wa sahani tu.

Aina ya nne ni nyavu zinazozunguka kwenye mhimili mmoja, zikifunguka pembeni kama rafu za kabati. Zinapendeza kutumia, ila mhimili wake hubeba uzito wote upande mmoja. Kabla ya kununua, weka mzigo kwenye ncha ya rafu iliyofunguliwa uone kama inainama.

Hatua ya 4: Fikiria kikingio na sinia kabla ya wavu

Seti nyingi huuzwa kwa picha ya nyavu zilizojaa nyama, na kikingio cha joto hutajwa mwishoni kama nyongeza. Geuza mpangilio huo. Kwa upikaji wa polepole kikingio ndicho kinachoamua chakula kikae wapi.

Kati ya ukingo wa kikingio na ukuta wa jiko pawe na njia ya hewa ya sentimita 2 hadi 3 kuzunguka pande zote. Ikiwa nyembamba zaidi moto unakosa pumzi, na ikiwa pana mno joto linapita pembeni bila kukingwa. Kisha linganisha kikingio na wavu wa juu yake: chakula kisitokeze nje ya kivuli cha kikingio. Ubavu mrefu wa nyama ukivuka ukingo hata kwa vidole viwili, ncha hiyo hupigwa na mkondo wa hewa ya moto unaopanda ukutani, na itakuwa imekauka kama ubao wakati katikati bado ni laini.

Sinia ya kukingia mafuta isilazwe moja kwa moja juu ya kikingio. Mafuta yataungua na moshi wake mchungu utaingia kwenye nyama. Iinue sentimita moja au mbili kwa vipande vya chuma au vijiguu vya kauri. Kwa hiyo unapohesabu vimo, hesabu na hiyo nafasi: kikingio, pengo, sinia, pengo, wavu wa kwanza, kimo cha chakula chenyewe, wavu wa pili, chakula chake, sindano ya kipimajoto, kuba. Andika sentimita za kila kimoja uzijumlishe. Hapo ndipo ghorofa tatu za kwenye picha mara nyingi hugeuka kuwa mbili, na ni bora ujue ukiwa bado na pesa mkononi.

Hatua ya 5: Ijue chuma unayoinunua

Chuma cha pua cha daraja la 304 ndicho chaguo langu kwa nyavu na fremu. Kina takribani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na hustahimili mvuke, chumvi na mafuta kwa miaka. Daraja la 430 halina nikeli kama hiyo, ni nafuu, na hupata kutu mapema zaidi. Sumaku inasaidia kuvitofautisha: hung'ang'ania 430 kwa nguvu, na 304 huigusa kidogo tu au isiishike kabisa. Sehemu za 304 zilizokunjwa zinaweza kuvuta sumaku kidogo, hivyo jaribu kwenye fito iliyonyooka.

Wavu uliopakwa kromu hung'aa dukani, kisha mpako hubanduka kwa joto na kukwanguliwa. Wa enameli ni bora kuliko huo mpaka siku utakapoanguka ukachubuka. Kuanzia hapo kutu hutambaa chini ya mpako na vipande huanza kutoka. Ukiona vipande vinatoka juu ya chakula, wavu huo umekwisha kazi.

Chuma cha kalibu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, kina nafasi yake, ila ni moja: chini, karibu na makaa, kwa ile alama nyeusi ya kuchoma. Hutunza joto vizuri sana lakini ni kizito na hutaka kupakwa mafuta kila baada ya kutumika. Kukipandisha juu kwenye kuba ni kubeba uzito bila faida, kwa kuwa kule kazi inafanywa na hewa na kuba.

Angalia unene wa fito. Chini ya milimita 4 zitapinda zikibeba nyama nzito kwa saa nyingi. Pitisha kidole kwenye kila kiungo cha kuchomelea. Pakiwa na ncha kali au tundu, chakula kitanasa na kutu itaanzia hapo.

Sasa neno kwa wanaotaka kujitengenezea kwa bolti na nati, njia ambayo ni halali kabisa na hufanya kazi vizuri: bolti ndefu tatu au nne, nati juu na chini, wavu umeinuka. Bolti hizo ziwe za chuma cha pua. Usitumie zilizopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye 419°C hivi, na makaa yaliyopulizwa hewa hupita joto hilo bila shida. Moshi wake unadhuru mapafu na haupaswi kufika karibu na chakula.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kupika

Panga kila kitu jiko likiwa baridi, funga na fungua kifuniko mara kadhaa. Tikisa wavu wa juu kwa mkono. Angalia miguu inaposimama kwenye kauri: iwe imelala, si kwa ncha. Uzito wote ukikaa kwenye ncha ya fito moja, ukingo wa pete unaweza kumeguka.

Kisha washa moto, jiko likiwa nje mahali penye hewa, weka kikingio, litulize kwenye 180°C kwa muda wa nusu saa. Tandaza vipande vya mkate mweupe kwenye kila ghorofa, katikati na pembezoni, mbele na nyuma. Baada ya dakika 8 hadi 10 vitoe kwa mpangilio ule ule uvilaze mezani. Una ramani ya joto la jiko lako mbele yako: nyuma karibu na bawaba pamekuwa hudhurungi, mbele bado peupe, juu pamekauka pande zote. Piga picha uihifadhi, maana ramani hiyo ni ya jiko lako na nyavu zako tu.

Hatua ya 7: Mpiko wa kwanza wa ghorofa mbili

Jaza mkaa wa kutosha tangu mwanzo, hadi karibu na pete, kwa sababu kuongeza katikati ni kubomoa ghorofa zote. Tumia vipande vya mkaa wa mti badala ya mkaa wa kushindiliwa wenye majivu mengi yanayoziba hewa.

Usikiamini kipimajoto cha kifuniko peke yake. Saa ya kwanza, nyama ikiwa bado baridi, wavu wa kati juu ya kikingio unaweza kuwa chini ya kuba kwa 20°C au zaidi, na tofauti hiyo hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Weka kihisi kimoja cha joto kwenye kila wavu, sentimita chache kutoka kwenye nyama.

Kuku mbichi akae ghorofa ya chini, ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Ukilazimika kumpandisha juu kwa ajili ya ngozi, weka sinia kati ya ghorofa, au mpandishe wakati cha chini kimeshatolewa. Awe amefika 74°C ndani ya paja kabla hujamtoa. Mboga na vitu vyenye sukari visiwekwe juu mwanzoni, kuba litaviunguza.

Acha pengo la vidole viwili kati ya vipande, ghorofa zote. Wavu wa chini uliojazwa bila upenyo unakuwa kikingio kingine, na chakula cha juu kitachelewa huku ukishangaa kwa nini. Kama bado kuna tofauti, badilishana ghorofa nusu ya muda ikifika.

Unapofungua jiko lililokuwa na matundu yaliyobanwa, inua kifuniko sentimita 3 hadi 5 kwanza, subiri sekunde chache, ndipo ukifungue chote. Hewa ikiingia kwa ghafla moto hulipuka kuelekea usoni, na ghorofa ya juu inakufanya uiname karibu zaidi kuliko ulivyozoea. Glovu ndefu zinazofika katikati ya mkono, na koleo la kunyanyulia wavu, vinunuliwe pamoja na nyavu.

Ukiwa bado unasita, nunua kwa mafungu. Anza na wavu mmoja wa kuinua na sinia inayolingana na kikingio ulicho nacho. Pika navyo mpaka uone ni kimo gani unakihitaji na hukipati, ndipo uongeze fremu au nusu duara. Nyavu zikipoa, zisugue kwa brashi isiyomwaga nyuzi za waya, kisha uzipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya matumizi yanayofuata, kwani uzi mmoja wa brashi ukinasa kwenye nyama unaweza kumjeruhi mlaji kooni.